Unataka kununua Hiace iliyotumika? Nenda ukaikague mwenyewe kabla ya kutoa hela

Kila mwaka wakulima wakishauza mahindi, swali moja hutufikia sana studioni: "Tumepata hela ya kununua Hiace ya abiria, tumetumiwa picha za gari zuri kutoka Dar es Salaam, tutume hela?" Wanaouliza mara nyingi si matajiri. Ni kikundi cha watu kumi au kumi na tano waliochanga kwa misimu miwili mitatu, au familia iliyouza ng'ombe, au mwanachama wa SACCOS aliyeweka shamba lake dhamana.

Jibu letu ni hapana, msitume. Kwanza nendeni mkalione gari, mkiwa na fundi wenu. Makala hii inaeleza kwa nini, na mkifika mkague nini na kwa utaratibu upi. Tumechagua Toyota Hiace kwa sababu ni gari linalonunuliwa sana kwa ajili ya abiria vijijini, lakini mengi ya hapa yanafaa pia kwa Noah, Canter au gari lingine lolote lililotumika.

Picha haisemi kila kitu

Picha ya WhatsApp inaonyesha rangi, viti na tairi. Haionyeshi injini inavyogonga asubuhi, wala harufu ya klachi iliyoungua, wala kutu chini ya sakafu. Picha inaweza kuwa ya mwaka juzi. Inaweza hata kuwa ya gari jingine kabisa, ila namba imefanana kwa sababu aliyepiga alijua pa kusimama.

Video nayo haitoshi. Muuzaji ndiye anayeshika simu, na anaweza kuwa ameliwasha gari nusu saa kabla ya kuanza kurekodi.

Halafu kuna ile sentensi ya madalali: "Kuna mtu anakuja na hela mchana, nitumie kidogo tu nikushikilie." Ukishatuma hicho kidogo, unaanza kulitetea gari usilolijua, kwa sababu hela yako iko huko. Mtu wa namna hiyo mjibu kwa heshima: "Kaka, akija muuzie. Mimi nitakuja kuangalia."

Ni kweli safari ni gharama. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mkienda watatu kuna nauli, chakula na malazi. Lakini linganisheni gharama hiyo na bei ya injini moja. Hata mkienda mara mbili na kurudi mikono mitupu, bado mtakuwa na hela ya kununulia gari.

Maandalizi kabla ya kufunga safari

Yapo mambo ya kufanya kwa simu ili msisafiri bure.

Mwombeni muuzaji picha ya kadi ya gari, pande zote mbili. Kadi inayotolewa na TRA ina jina la mmiliki, namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, aina ya mafuta na idadi ya viti. Muulizeni kama aliye kwenye kadi ni yeye. Kama si yeye, kwa nini anauza yeye? Muulizeni pia kama kadi halisi anayo mkononi. Gari linapokuwa dhamana ya mkopo, mara nyingi benki au mkopeshaji hushikilia kadi halisi, na mwenye gari hubaki na nakala.

Kwa namba ya usajili, mnaweza kuangalia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kama gari linadaiwa faini za barabarani, na kwenye mfumo wa TIRA kama bima yake ni hai. Kama simu yenu haina intaneti, mpeni kijana wa steshenari awaangalizie.

Kisha chagueni watu wa kwenda. Watatu wanatosha: fundi, dereva na mweka hazina. Fundi awe yule anayetengeneza Hiace za njia yenu kila siku, siyo fundi atakayeletwa na dalali pale yadi. Mlipeni posho ya siku zake mapema, na mwambieni waziwazi kwamba atalipwa hata akisema gari ni bovu. Fundi anayejua atalipwa gari likinunuliwa tu, hana sababu ya kusema hapana.

Bebeni tochi, kitambaa cheupe, kipande cha boksi la kulalia chini ya gari, sumaku ndogo kama ile ya spika ya redio iliyoharibika, daftari, na simu yenye chaji.

Fikeni asubuhi, injini ikiwa baridi

Hili ni la kusisitiza. Kubalianeni na muuzaji tangu jana yake kwamba gari lisiwashwe hadi mfike. Injini iliyochoka huficha mengi ikishapata moto. Dizeli iliyolegea huwaka kwa shida asubuhi, lakini ikishachemka huwaka kwa mguso mmoja.

Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Inueni kiti, kisha fundi asogeze kiganja karibu na injini. Kama kuna joto, muuzaji ameshaliwasha. Msigombane naye. Mwambieni mtarudi kesho asubuhi, au baada ya saa nyingi likiwa limepoa.

Msikague gari usiku, wala kwenye mvua. Maji huficha mikwaruzo na tofauti za rangi, na giza huficha vyote viwili.

Anzeni na namba, siyo na injini

Kabla ya kuwasha chochote, fundi awaonyeshe namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma cha gari. Muisome tarakimu moja moja, mweka hazina akifuatilia kwenye kadi. Fanyeni vivyo hivyo kwa namba ya injini. Angalieni kama chuma kilichozunguka namba kimesagwa, kimechomelewa au kimepakwa rangi mpya pale tu. Namba zisipolingana na kadi, ukaguzi umeishia hapo, hata kama bei ni ya kuvutia.

Kwa Hiace, herufi za mwanzo za namba ya chasisi zinawaambia lilitoka kiwandani na injini gani. KDH ni dizeli ya aina ya KD. TRH ni petroli ya aina ya TR. Kwa zile za umbo la zamani, lililotangulia lile lililotoka mwaka 2004, LH ni dizeli za aina ya L, kama 3L na 5L, RZH ni petroli, na KZH ni dizeli ya 1KZ. Kwa hiyo mkikuta chasisi ya KDH ina injini ya 5L, injini imebadilishwa. Kubadilisha injini peke yake si dhambi, na wengine hufanya hivyo kwa sababu ya gharama za nozeli. Lakini badiliko hilo lazima liwe limeingizwa kwenye kadi. Kama halijaingizwa, tatizo hilo mtalinunua pamoja na gari.

Angalieni na rangi ya kibao cha namba. Gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi kina rangi ya njano. Mkinunua la binafsi mkalipeleke kwenye abiria, kuna taratibu za kubadilisha matumizi TRA na kuomba leseni LATRA. Ulizeni ofisi ya LATRA ya mkoa wenu kabla ya kununua kama gari la umbo hilo na viti hivyo litapewa leseni kwenye njia mnayoitaka.

Injini: macho, pua na masikio

Fundi aanze na oili. Achomoe kijiti cha kupimia na kukifuta kwenye kile kitambaa cheupe. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au utando wa namna hiyo chini ya mfuniko wa oili. Hapo maji yanaingia kwenye oili, mara nyingi kwa sababu ya gasketi iliyoungua au silenda hedi iliyopasuka. Oili mpya inayong'aa kabisa nayo iulizeni. Huenda imewekwa jana, nzito, ili kutuliza mlio.

Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Ikiwa ya moto, maji yatamrukia mtu usoni na kumbabua. Ndani kuwe na maji safi yenye rangi ya kulanti. Maji ya kutu yanaonyesha gari limekuwa likijazwa maji ya bomba. Mafuta yakielea juu, rudini kwenye habari ya gasketi.

Sasa mtu mmoja awashe, wengine wasimame nyuma. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ukipotea baada ya dakika chache hauna neno. Moshi mweupe usioisha unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silenda, au dizeli isiyoungua vizuri. Moshi wa bluu ni injini inayokula oili. Moshi mweusi mzito ni mafuta yanayozidi, na kwa dizeli mara nyingi ni nozeli, pampu, au chujio la hewa lililoziba.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi afungue mfuniko wa oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Lakini moshi ukitoka kwa kusukuma kama wa jiko la kuni, ringi zimechoka, na injini hiyo haiko mbali na kufunguliwa.

Liacheni gari liungurume dakika 20 au 30 huku mkiendelea na mengine. Anayeharakisha kulizima ana sababu. Gari linalochemsha mara nyingi hujionyesha ndani ya muda huo, au kwenye mlima wa kwanza.

Lala chini, kisha panda juu

Weka kipande cha boksi, lala, washa tochi. Gari lililofanya kazi ukanda wa Pwani, karibu na chumvi ya bahari, huoza kutokea chini wakati juu bado linang'aa. Gonga chasisi kwa kipande cha chuma kila baada ya hatua. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa. Tafuteni sehemu zilizochomelewa. Chasisi iliyopinda au kuungwa ni gari lililowahi kupata ajali kubwa, na hata likinyooshwa litakula tairi upande mmoja maisha yake yote.

Ile sumaku ni ya bodi. Ipitisheni kwenye milango na ubavuni. Inaposhindwa kushika, hapo chini kuna puti nene badala ya bati. Puti kidogo mlangoni ni mikwaruzo ya stendi. Puti kwenye nguzo za gari au kuzunguka paa ni jambo jingine.

Mkazeni macho kwenye paa. Angalieni mipira ya madirisha na kona za dari kwa ndani. Kitambaa cha dari chenye madoa ya njano kinaonyesha maji yanapita. Shukeni hadi sakafuni, inueni kapeti. Unyevu chini ya kapeti una maana bati la sakafu linaliwa polepole, na viti vimefungwa kwenye bati hilohilo.

Viti: hapa ni uhai wa watu

Hiace nyingi zinazoletwa nchini zilitengenezwa kubeba mizigo. Zikifika hukatwa madirisha na kuwekewa viti vya abiria na mafundi wa hapa. Wapo wanaofanya kazi hiyo vizuri, na wapo wanaochomelea miguu ya kiti kwenye bati jembamba la sakafu basi.

Kamata kila kiti kwa mikono miwili, kitikise kwa nguvu mbele na nyuma. Kisha fundi aangalie kwa chini. Kiti kizuri kimefungwa kwa bolti zilizopita sakafu na kushikwa kwa chuma cha ziada upande wa chini. Kiti kilichochomelewa juu ya bati peke yake, siku gari likigonga kitang'oka na abiria wake na kuwaangukia wa mbele. Angalieni kama kila kiti kina mkanda unaovutika na kujifunga, na kama mlango wa abiria unafunguka kwa ndani bila kuomba msaada wa konda.

Hesabuni viti, mlinganishe na idadi iliyo kwenye kadi. Vikizidi, mtakutana navyo barabarani mbele ya trafiki.

Tairi na kilomita

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zilizo peke yake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira umekauka na kupasuka nyufa. Tairi la namna hiyo hupasuka likiwa na mzigo na joto.

Kuhusu kilomita za kwenye dashibodi, zinarudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo pigeni hesabu yenu wenyewe. Gari la abiria linalotembea kilomita 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, linafikisha kilomita 60,000 kwa mwaka. Likiwa limefanya kazi miaka mitatu hapa nchini ni 180,000, ukiacha zile lilizotembea Japani kabla ya kuletwa. Mkiambiwa limetembea 90,000 tu, angalieni mpira wa pedeli ya breki, usukani na kiti cha dereva. Pedeli iliyolika hadi chuma haiwezi kuwa ya gari lililotembea kidogo.

Liendesheni, na siyo kuzunguka yadi

Dereva wenu ndiye ashike usukani, muuzaji akae pembeni. Ombeni njia yenye lami, yenye mashimo na yenye mlima. Kama muuzaji anakataa gari lisitoke yadi, rudini nyumbani.

Redio izimwe. Sikilizeni gia zinavyoingia. Gia inayojitoa yenyewe ukiachia mafuta ni gia boksi iliyochoka. Mpande mlima na gia ya tatu. Injini ikipanda mlio huku gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Kwenye barabara tupu, iliyonyooka, dereva alegeze mkono kidogo kwenye usukani aone kama gari linavuta upande mmoja. Kwenye mashimo, sikilizeni kugonga kwa shokapu, bushi na boljointi.

Breki zijaribiwe kwa mwendo mdogo kwanza, kisha wa kati. Pedeli iwe ngumu na isizame. Breki ya mkono ijaribiwe mlimani, gari likiwa na watu ndani. Kwa anayeijua barabara ya kushuka kutoka Ntendo kwenda Muze, sina haja ya kueleza sana. Gari lenye breki za kusukumasukuma haliwezi kuwekwa kwenye njia ile.

Mkirudi, zimeni injini, subirini dakika kumi, kisha angalieni ardhini pale gari liliposimama. Matone ya oili, maji au dizeli yataonekana. Halafu liwasheni tena likiwa la moto, maana zipo injini zinazogoma hapo tu.

Karatasi kwanza, hela baadaye

Gari likipita yote hayo, fundi aandike orodha ya yanayohitaji kutengenezwa na gharama yake. Orodha hiyo ndiyo ya kupunguzia bei. Muuzaji anaweza kubishana na maneno "gari lako limechoka", lakini ni vigumu kubishana na "tairi nne, shokapu mbili na klachi".

Mkikubaliana, mfanye mauziano kwa maandishi mbele ya wakili, yenye namba ya chasisi na ya injini, mashahidi wa pande zote, na nakala za vitambulisho vya NIDA na TIN. Kama mwenye kadi amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto au mjane wa marehemu peke yake hakumpi mamlaka ya kuuza. Kama gari ni la kampuni, patikane barua ya kampuni inayomruhusu anayeuza.

Msibebe fedha taslimu. Lipeni benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye kadi, siyo kwenye namba ya simu ya dalali. Kisha anzeni taratibu za TRA za kubadilisha umiliki mara moja, na mkubaliane kwa maandishi nani analipa ada na ushuru wa stempu. Gari likibaki kwa jina la mtu mwingine, yeye ndiye mwenye gari kisheria, na likipata ajali au deni mtahangaika kumtafuta.

Kwa vikundi, amueni mapema jina la nani litaingia kwenye kadi, na muandike muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama wote. Mabishano mengi ya vikundi huanzia hapo, hata gari likiwa zima na linaleta hesabu kila siku.

Mkiona haliwafai, rudini

Linalowashinda wengi siyo kukosa utaalamu. Ni aibu ya kurudi kijijini bila gari baada ya kuagwa na watu. Mtu anaona moshi wa bluu, fundi anamkonyeza, bado anasema "tutalitengeneza mbele ya safari" kwa sababu nyumbani wanasubiri kuona Hiace inaingia.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, kaeni kikao mkubaliane mambo yatakayowafanya msinunue bila mjadala. Sisi tunapendekeza manne: namba zisizolingana na kadi, maji kuchanganyika na oili, chasisi iliyooza au kuungwa, na muuzaji asiye na kadi halisi. Yaandikeni daftarini, wote mtie sahihi. Likitokea moja, watatu wenu wapande basi warudi, na kikundi kiwapokee vizuri, maana watakuwa wamerudi na hela za wanachama.